Kimoro kwa Dola 650

Uliyerudi shambani sasa hivi na jembe bado liko mlangoni, karibu. Na wewe uliyeweka redio kwenye kaunta ya duka, ongeza sauti kidogo, maana wateja wako nao yanawahusu.

Naanza na bei ya nyama.

Kimoro, ile nyama ya porini iliyochanwa vipande virefu ikakaushwa, ina bei mbili katika vijiji vya Serengeti na Bunda. Ya kwanza ni ya kificho. Hiyo hupanda na kushuka kufuata msimu wa nyumbu, njaa ya mnunuzi na woga wa muuzaji. Ya pili ni ya Mahakama ya Wilaya pale Mugumu, na haipandi wala haishuki. Ikithibitika kwamba nyama ni ya nyumbu, thamani yake ni dola 650 za Marekani. Ya pundamilia ni dola 1,200. Swala pala 390. Tembo, usiulize: 15,000.

Wengi wakisikia hivyo hudhani ni thamani ya gunia zima la nyama. Hapana. Afisa wanyamapori anapoitwa kuthamini nyara hachukui mizani. Anaangalia ngozi, manyoya, kwato au umbo la mfupa, anamtambua mnyama, kisha anafungua jedwali la kanuni za 2012 na kuandika thamani ya mnyama mzima. Vipande viwili vya kimoro vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ni nyumbu mzima. Mkia ni nyumbu mzima. Na ukifikiri vizuri utaona kuna mantiki hapo: hakuna aliyewahi kukata paja la nyumbu akamwacha aendelee na safari yake kwenda mto Mara.

Dola 650 za nyumbu zikigeuzwa shilingi zinavuka milioni moja. Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009, pamoja na marekebisho ya 2016 ya sheria zetu za nyara na za uhujumu uchumi, iliweka kwa kosa la kupatikana na nyara za serikali za thamani hiyo kifungo kisichopungua miaka 20, na kisichozidi 30. Hukumu za Mugumu kwa miaka mingi zimefuata mtindo unaofanana hata ukizisoma umefumba jicho moja. Shitaka la kwanza, kuingia hifadhini bila kibali. La pili, kupatikana na silaha ndani ya hifadhi, na silaha yenyewe ni panga, kisu na nyaya za kutegea. La tatu, nyara. Mwaka mmoja, miaka miwili, miaka ishirini, vyote vinakwenda pamoja. Kijana aliyeingia gerezani na umri wa miaka 24 anatoka nywele zimeanza mvi.

Sasa weka hapo pembeni majina mawili mnayoyakumbuka. Yule bwana aliyejulikana kama Shetani Hana Huruma, aliyesakwa kwa ujangili wa tembo karibu nchi nzima, Machi 2017 mahakama ya Dodoma ilimpa miaka 12. Na yule mama wa Kichina waliyemwita Malkia wa Pembe za Ndovu, Februari 2019 pale Kisutu alipewa miaka 15 kwa biashara ya mamia ya vipande vya pembe. Kumi na mbili, kumi na tano. Mtu wa kimoro, ishirini. Haki inanidai niongeze kwamba makosa ya Malkia yalitendwa kabla ya marekebisho ya 2016, na mahakama haiwezi kumpa mtu adhabu ambayo haikuwapo siku alipotenda kosa. Mwanasheria ataridhika na maelezo hayo. Mama wa mfungwa wa kimoro, anayepanda basi kwenda kumtembelea mwanawe gerezani, sidhani kama yatamtosha.

Lakini leo sikuja kulia na ukali wa adhabu. Ukali huo una historia yake na historia hiyo haifurahishi. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa wakawa 109,051. Hesabu ya 2014 ikaleta 43,330. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu, na pigo kubwa lilikuwa Selous na Ruaha. Pembe zilipita bandarini kwetu, zikapita mikononi mwa watu wetu, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba faini za zamani zilikuwa gharama ndogo tu ya biashara. Sheria ilikazwa kwa sababu hiyo. Iliwalenga wenye meli na makontena. Ila sheria ikishakazwa haichagui nani apite chini yake, na ni rahisi zaidi kumkamata mtu anayetembea kwa miguu.

Ninalotaka tulizungumze ni hili: kule kijijini, sheria hii inajulikana nusu tu. Nusu ya pingu. Hiyo kila mtu anaijua, hata mtoto wa darasa la tatu. Nusu ya pili, inayosema mwananchi ana haki gani na mwenye mamlaka ana wajibu gani, imebaki kwenye makabati ya ofisi, na kwa muda mrefu ilibaki kwa Kiingereza, hadi mwaka 2021 Bunge lilipopitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama zetu ni Kiswahili. Halafu tunashangaa kwa nini wanavijiji hawatoi taarifa.

Tumekaa kwenye mikutano ya elimu ya uhifadhi, mimi na wengi wenu. Ina mtindo wake. Gari linafika saa nne kwa mkutano wa saa tatu. Mwenyekiti wa kijiji anafungua, mtendaji anasoma agenda, mgeni rasmi anatambulishwa, na afisa anasimama na orodha. Ni marufuku kuingia. Ni marufuku kuchunga. Ni marufuku kukata kuni, kuchoma mkaa, kutega, kuwinda, kuokota. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Vijana wamekaa nyuma kwenye pikipiki, mguu mmoja chini, tayari kuondoka.

Kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo, upande wa Bunda, mama mmoja alingoja hadi maswali ya wanaume yakaisha. Akasimama, akamwamkia afisa ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, kisha akasema: "Baba, shamba langu liko palepale karibu na kigingi. Usiku wa juzi tembo wamelala humo. Nauliza, ekari yangu moja ya mahindi inalipwa shilingi ngapi?"

Yule kijana, na namsifu kwa kusema kweli, alimjibu: "Shikamoo mama. Ukiwa ndani ya mita mia tano kutoka mpaka wa hifadhi, kanuni hailipi."

Watu waliguna. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea bakora akauliza bila hata kunyoosha mkono: "Mbona hamkutuambia kabla hatujapanda?"

Swali la mzee huyo limenikaa kuliko hotuba zote nilizozisikia kuhusu migongano ya binadamu na wanyamapori. Maana hebu tuiangalie kanuni yenyewe. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za 2011 ziliweka hivi: aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu. Kuanzia hapo alilipwa shilingi 25,000 kwa ekari, na kiwango kilipanda kadiri shamba lilivyosogea mbali na mpaka, hadi shilingi 100,000 kwa aliye zaidi ya kilomita 5. Na hata shamba likiwa kubwa, hazikuhesabiwa ekari zaidi ya 5. Kwa aliyeuawa na mnyama, familia ilipewa shilingi 1,000,000. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu, 500,000. Haya ndiyo yaliyoandikwa wakati huo, na wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wameyalalamikia mwaka hadi mwaka, kwa haki kabisa, kwa sababu 25,000 kwa bei za siku hizi hainunui gunia moja la mahindi.

Lakini ona nia ya kanuni. Inataka watu wasilime kwenye ukingo wa hifadhi. Inasema: sogea mbali, nitakulipa zaidi. Kanuni ya aina hiyo inafanya kazi kwa mtu anayeijua kabla hajaamua apande nini na apande wapi. Anayeijua baada ya tembo kupita, kwake si onyo tena, ni tusi. Yule mama angeambiwa mwezi wa nane, kabla ya mvua, labda ile kanda ya karibu na kigingi angepanda pilipili, ambayo tembo hawali, au ufuta, na mahindi akayarudisha nyuma karibu na nyumba. Hakuambiwa. Na kwa nini hakuambiwa? Kwa sababu elimu tunayopeleka vijijini inapimwa kwa idadi ya mikutano iliyofanyika, na mikutano hufanyika bajeti ikitoka, si mvua ikikaribia.

Yako mengine kwenye nusu hiyo ya pili. Sheria hiyohiyo ya 2009 inakubali kwamba mtu akimuua mnyama kwa kuokoa maisha yake au ya mwenzake, hakutenda kosa, ilimradi hakuwa ameanza yeye uchokozi au uwindaji. Masharti ni kwamba atoe taarifa, na mzoga ni mali ya serikali. Najua habari za watu waliopigana na mamba mtoni au fisi zizini, wakashinda, kisha wakazika mzoga usiku kwa hofu ya kukamatwa. Kuzika ndiko kunakowaponza. Aliyeripoti asubuhi ana maelezo. Aliyezika ana kesi.

Vivyo hivyo ukiokota pembe, au ukikuta mnyama amekufa porini. Wajibu wako ni kutoa taarifa bila kukawia, kwa mtendaji, kituo cha polisi au ofisi ya wanyamapori. Usichukue hata jino. Na nyara, ndugu zangu, si pembe peke yake. Ni nyama, ngozi, kucha, mafuta ya simba, yai la mbuni, hata ule usinga wa mkia wa nyumbu ambao babu alikuwa akichezea ngoma na sasa umetundikwa ukutani sebuleni. Kuwa nao bila kibali ni jambo la mahakama, na sheria hii inamtaka mshitakiwa mwenyewe ndiye athibitishe kwamba alikuwa nao kihalali. Ndiyo maana tangu Serikali iruhusu bucha za nyamapori, zilizoanza kufunguliwa baada ya kanuni za 2020, mimi huwaambia jamaa zangu: kula nyama ya swala upendavyo, lakini risiti usiitupe kabla ya mifupa.

Nije kwenye kukamatwa, ambako pia watu wanadhani sheria iko upande mmoja tu.

Askari anapokupekua nyumbani kwako na kuchukua kitu, anapaswa kuandika hati ya ukamataji: kimechukuliwa nini, wapi, saa ngapi, na kuwe na shahidi huru, ambaye mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji au jirani. Wewe unasaini, shahidi anasaini. Kama kilichokamatwa ni nyama mbichi, haiwezi kungoja kesi miezi sita. Itaoza. Kwa hiyo polisi huandika orodha na kuipeleka kwa hakimu ili atoe amri iteketezwe. Hapo kuna kipengele kidogo kilichowaangusha waendesha mashitaka mara nyingi kuliko mawakili wote wa Musoma. Kanuni za polisi, ile namba 229 aya ya 25, zinasema kielelezo kinachoharibika kipelekwe kwa hakimu pamoja na mtuhumiwa mwenyewe, na ikiwezekana kipigwe picha kabla ya kuteketezwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikiwa imekaa Mtwara ilisema wazi: mtuhumiwa lazima awepo na asikilizwe. Ikiwa nyama iliteketezwa yeye yuko mahabusu hajui lolote, orodha ile haina nguvu dhidi yake.

Tangu hapo, rufaa moja baada ya nyingine zimefaulu kwa hoja hiyo. Watu waliokuwa wamehukumiwa miaka 20 wamerudi nyumbani. Mahakama hiyohiyo imewahi pia kusema kwamba kile kifungu cha Sheria ya Hifadhi za Taifa kilichokuwa kikitumika kuwashitaki watu kwa kuingia Serengeti, kwa jinsi kilivyoandikwa baada ya kurekebishwa, hakikuwa kimeweka kosa la kuingia. Fikiria: shitaka namba moja la kila kesi, lililosomwa na kusomwa, na kifungu chenyewe hakikutosha.

Kijijini habari hii inafikaje? Inafika hivi: fulani karudi. Alifungwa ishirini, kamaliza mitatu, karudi. Askari wa doria anasema mahakama inatuvunja moyo, tunakesha porini halafu wanawaachia. Majirani wanasema kahonga, ukoo umeuza ng'ombe. Yule aliyerudi naye anasema ni dawa ya mganga wake. Hakuna hata mmoja anayesema nyama iliteketezwa bila yeye kuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaeleza. Uamuzi ulioandikwa kwa uangalifu na majaji watatu unageuka porojo za kilabuni.

Na hapa natofautiana na wale wanaosema ukiwafundisha wanakijiji haki zao unawafundisha majangili ujanja. Nasema kinyume chake. Mwenyekiti wa kitongoji anayejua kwamba saini yake kwenye hati ya ukamataji ni ushahidi, hatasaini karatasi tupu. Mtuhumiwa anayejua lazima apelekwe mbele ya hakimu pamoja na ile nyama, atadai apelekwe, na kesi itasimama. Kesi zinazoanguka huko juu zimejengwa vibaya huku chini, na huku chini sisi wanakijiji tulikuwepo, tumekodoa macho, hatujui tunachotazama.

Nitawapa mfano wa kakakuona, maana huyu anawaponza watu wenye nia njema kabisa. Mnamjua. Ana magamba mwili mzima, anatembea usiku, anakula mchwa na sisimizi, na akitishwa anajikunja akawa kama mpira. Simba humgeuzageuza akachoka, akamwacha. Binadamu humbeba tu akamtia kwenye kiroba. Kwa mila za makabila mengi ya bara, kumkuta kakakuona ni jambo la nchi nzima. Anapelekwa kwa wazee, anawekewa mbele yake maji, unga au nafaka, na panga au mkuki. Akienda kwenye maji, mvua itakuwa nzuri. Akienda kwenye panga, jiandaeni. Umati hukusanyika, ngoma hupigwa, viongozi huitwa, na zamani hata magazeti yalikuja kuandika ametabiri nini.

Sasa huyu mnyama ni miongoni mwa wanaosafirishwa kimagendo zaidi duniani kwa ajili ya magamba yake, na tangu Januari 2017 aina zake zote nane ziko kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, CITES. Aliyembeba kutoka porini kumpeleka kwa mzee wa mila, na aliyembeba kumpeleka kwa mnunuzi wa magamba, wote wawili wakikutwa njiani wana kiroba kilekile na kakakuona yuleyule. Askari atajuaje? Simdharau mzee wa mila. Nasema mila yenyewe inaweza kufanyika palepale alipoonekana: wazee waitwe waje, afisa wanyamapori aarifiwe, mnyama asibebwe. Ziko jamii ambazo zikimpata huita serikali kwanza, na kakakuona anarudishwa porini huku utabiri umeshapatikana. Kwa hili mwenye kumbukumbu ya mila na mwenye sare wanaweza kukaa mkeka mmoja, lakini mtu awe amewaambia kabla ya siku yenyewe.

Jirani zetu wa Kenya wana somo la upande wao. Sheria yao ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa anayeuawa na mnyama. Mkiipima na milioni moja ya Tanzania iliyowekwa na kanuni zetu za 2011 mtaona tofauti ya mbingu na ardhi. Lakini ahadi hiyo ilirundika madai mpaka serikali ikawa inalipa kwa kuchechemea, familia zikisubiri miaka. Kiwango kikubwa kisicholipwa na kiwango kidogo kinacholipwa kwa kuchelewa, mwenye njaa haoni tofauti. Na kwa kuwa tumefika Kenya, niwachekeshe: Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Kibelgiji faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au jela miezi 12, kwa kukutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Sisimizi! Walikutwa nao Naivasha. Kwa hiyo unayedhani sheria ya wanyamapori inaanzia kwa tembo na kuishia kwa simba, fikiri tena.

Wapo watu wetu wanaofanya kazi hii vizuri na hatuwasemi. Askari wanyamapori wa vijiji, tunaowaita VGS kwa kifupi, wanajua kila njia ya mbuzi na kila kijana aliyeacha shule. Wengi wanapata posho tu, inayokuja ikichelewa, na viatu wamenunua wenyewe. Kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, yenye vijiji vitano Robanda ikiwa kimojawapo, mapato ya watalii yanarudi kwa vijiji, na ndiyo maana mtu wa huko akiona waya umetegwa ana sababu ya kusema. Tangu 2017 kuna kikosi kinachozunguka Serengeti kikitegua nyaya, na ndani yake wamo waliokuwa wategaji zamani. Hao hawahitaji semina ya kuwafundisha mtego unafichwa wapi. Waya hauchagui, umetegewa nyumbu, unamkamata simba shingoni au mtoto wa tembo mkonga. Mtegaji mstaafu akilisema hilo kijijini kwake, watu hunyamaza wakasikiliza. Tukilisema sisi wa redioni, wanabadilisha stesheni.

Kinachoharibu kazi ya hao wote ni kumbukumbu. Wengi mnaonisikiliza mnakumbuka Oktoba 2013, Operesheni Tokomeza. Nia ilikuwa pembe za ndovu. Kilichosimuliwa bungeni baadaye ni raia kupigwa, kuteswa na kuuawa, wanawake kudhalilishwa, na mifugo kumiminiwa risasi. Operesheni ilisitishwa Novemba. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilileta taarifa yake, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao, Balozi Khamis Kagasheki wa Maliasili akitangaza kujiuzulu mle mle ndani ya ukumbi. Mwaka uliofuata ikaundwa tume chini ya Jaji Hamisi Msumi. Sawa. Lakini kijijini hakuna aliyerudi na gari lilelile la operesheni kusema tulikosea. Watoto waliokuwa na miaka 8 mwaka ule leo ni vijana wa miaka ishirini na kitu, ndio tunaowataka wapige simu wakiona mtu mgeni anauliza habari za pembe. Walichojifunza kuhusu gari hilo la kijani walijifunza wakiwa wamejificha nyuma ya ghala.

Kwa hiyo kwa maafisa wa wanyamapori wa wilaya, najua mnasikiliza: mkutano ujao msianze na orodha ya marufuku. Anzeni na fomu ya kifuta jasho. Ileteni, ioneshwe, ijazwe mfano mbele ya watu. Njooni Agosti au Septemba. Mkimaliza kuitangaza kesi iliyoshinda, elezeni na iliyoshindwa, na kwa nini.

Na wewe ambaye tembo wameingia kwako usiku wa kuamkia leo, muda ninao wa kukuambia haya tu. Usiwafuate gizani, wala usilale shambani peke yako na tochi. Asubuhi usifyeke wala usilime upya kabla ya kuonesha. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na jirani waone nyayo. Piga picha kama simu yako inaweza, zikionekana nyayo na mabua pamoja. Nenda kwa mtendaji wa kijiji leo hiihii, si baada ya mnada, utoe taarifa, uombe afisa wanyamapori aje kutathmini, na umwambie bila kuficha shamba lako liko umbali gani na kigingi. Fomu ikijazwa, soma idadi ya ekari kabla ya kuweka saini au dole gumba. Kama husomi, mtoto wa shule akusomee. Kisha usiondoke pale ofisini mpaka upewe nakala yako, na iwe na muhuri.

Wiki ijayo ni zamu ya wafugaji na ng'ombe waliokamatwa hifadhini. Jioni njema.